Waranti ya Gari: Tulichoambiwa na Tulichosaini

Ndugu msomaji, kama ulikuwa London mwaka 2023 huhitaji kukumbushwa tarehe 29 Agosti. Siku hiyo eneo la ULEZ lilipanuliwa likafika manispaa zote za jiji, na kila mwenye gari lisilokidhi viwango vya moshi akaanza kudaiwa pauni 12.50 kwa kila siku anayoliendesha. Kwetu Barking gari lilikuwa la dizeli la mwaka 2010, zee lakini halijawahi kutuangusha. Mama watoto anafanya kazi ya kea. Anazunguka kuhudumia wazee majumbani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, siku tano kwa wiki na mara nyingine sita. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya pauni 60 kwa wiki, kabla hujaweka mafuta. Ikabidi tubadilishe gari.

Hatukuwa peke yetu. Miezi ile, kila ulipokaa kwenye harusi au msiba, mazungumzo yaliishia kwenye magari: nani kapata, la mwaka gani, petroli au dizeli. Wauzaji nao walijua tuna haraka.

Letu tulilipata kwenye yadi moja nje kidogo ya London, upande wa Essex. Gari dogo la petroli, otomatiki, la mwaka 2016, maili 58,000, bei pauni 7,400. Tulitoa kianzio cha pauni 1,400 na iliyobaki tukachukua mkopo wa miaka minne, ule wa HP ambao gari linabaki mali ya kampuni ya mkopo mpaka umalize malipo. Kijana aliyetuhudumia alikuwa mchangamfu kweli. Alisikia tukisemezana Kiswahili, akauliza tunatoka wapi, akasema ameshafika Nungwi na kwamba dada yake alikula fungate huko. "Jambo" na "hakuna matata" alikuwa nazo tayari. Mimi nikalegea. Tukiwa tumeshasaini nusu ya karatasi, na mtoto mdogo ameanza kulia njaa, ndipo alipotoa kijitabu chenye jalada la rangi ya dhahabu.

Waranti ya miaka miwili, pauni 699. Nilimuuliza inalipia nini. Akasema kila kitu, kutoka bampa la mbele hadi la nyuma. Nikauliza tena, akacheka: "Kaka, ukiacha matairi na petroli, wewe lala usingizi." Mama watoto akauliza kama giaboksi imo. Akasema imo. Halafu akaongeza kwamba bila waranti hiyo, gari likishatoka getini lolote litakalotokea ni juu yetu. Naomba uyashike hayo maneno ya mwisho, nitayarudia.

Tulipositasita kwa sababu ya bei, alisema hatuhitaji kutoa hela taslimu. Ataiingiza kwenye mkopo, nayo itaongeza pauni 18 na kitu tu kwa mwezi. Ni hela ya chai, kweli. Lakini pauni 18 na kitu mara miezi 48 ni karibu pauni 870, na waranti yenyewe inakufa baada ya miezi 24. Yaani miaka miwili ya mwisho tungekuwa tunalipia karatasi isiyo na kazi. Hesabu hii nimeipiga baadaye. Siku ile sikuipiga.

Nikifikiri sasa, naona aibu kidogo. Nyumbani hakuna mtu mwenye akili zake anayenunua gari bila kwenda na fundi. Nilinunua gari langu la kwanza Dar es Salaam, Toyota iliyotoka Japani, na fundi wangu alilala chini ya lile gari nusu saa nzima, akanusa oili, akaomba liwashwe likiwa baridi, akamwambia muuzaji usoni kwamba anadanganya. Hakukuwa na karatasi yoyote ya kututuliza, kwa hiyo tulitumia macho. Huku Uingereza tumekuta ofisi yenye kapeti, kahawa ya bure na kijitabu cha dhahabu, na macho tukayafumba. Wala sikuangalia historia ya MOT ya gari, jambo linalofanyika bure kwenye tovuti ya serikali kwa kuandika namba ya gari tu. Inakuonyesha gari lilifeli lini, kwa nini, na maili zilikuwa ngapi kila mwaka.

Januari 2024, mwezi wa nne tangu tulinunue, giaboksi ilianza kugonga. Mama watoto alikuwa kwenye barabara ya A13, bado giza, anawahi kwa bibi mmoja mwenye kisukari ambaye hawezi kula mpaka apigwe sindano yake. Gari likashtuka mara mbili, likakataa kubadilisha gia, likabaki linajikokota pembeni taa za hatari zikiwaka. Alifika kwa yule bibi kwa teksi. Wiki zilizofuata alipanda mabasi, akapoteza wateja wawili kwa sababu ratiba yake haikuwezekana bila gari. Kwenye kazi hizi, usipofika hulipwi.

Gereji ilisema pauni 1,850. Mimi nikawa na amani kabisa. Nikachukua kijitabu changu nikapiga simu.

Msichana wa kampuni ya waranti alikuwa na adabu. Aliniambia kwanza gereji isiguse kitu mpaka watoe kibali. Kisha akasema ili watoe kibali, lazima giaboksi ifunguliwe wajue kimevunjika nini. Gharama ya kuifungua nitalipa mimi, na watanirudishia ikiwa tu dai litakubaliwa. Nikalipa. Fundi akafungua, akapiga picha, akatuma. Baada ya siku tisa jibu likaja: kilichoharibika kimeharibika kwa uchakavu wa kawaida, na uchakavu haumo kwenye waranti. Nikafungua kijitabu kwa mara ya kwanza kukisoma kweli. Ukurasa wa pili giaboksi ilikuwepo, kijana hakusema uongo hapo. Ukurasa wa kumi na moja ndio uliosema uchakavu haulipiwi. Mbele kidogo kulikuwa na kikomo cha pauni 500 kwa kila dai, na malipo ya fundi ya pauni 45 kwa saa, wakati gereji yetu, kama gereji nyingi za London, inatoza karibu mara mbili ya hiyo. Maana yake hata kama wangekubali, zaidi ya pauni 1,300 zingetoka mfukoni mwetu.

Gari la miaka minane, niambie, linaharibika kwa kitu gani kingine zaidi ya uchakavu?

Kwa Kiswahili tunaiita dhamana, na wengi wetu neno hilo tumelijulia kituo cha polisi. Mtu anakuja, anaweka jina lake, anasimama badala yako. Ndivyo nilivyodhani nimenunua.

Nikarudi yadi. Kijana wa Nungwi alikuwa ameacha kazi. Meneja akasema: "Zungumza na watu wa waranti, ndiyo kazi yao." Watu wa waranti wakasema uamuzi wao ni ule ule. Tukazunguka hivyo wiki sita, huku mkopo ukikatwa kila mwezi kwa gari lililolala kwenye gereji.

Aliyetufungua macho ni binamu yake mama watoto, anayefanya kazi ya kupokea simu kwenye ofisi ya ushauri wa kisheria. Tulikuwa tunakula wali Jumapili, nikaanza kulalamika, akanikatiza. Hakutaka hata kukiona kile kijitabu. Akauliza maswali mawili: gari mmelinunua lini, na mmelipa vipi?

Hapa ndugu msomaji nakuomba usome polepole, kwa sababu ndicho kitu ambacho ningelipa pauni 699 kukijua.

Uingereza ina sheria inayoitwa Consumer Rights Act ya mwaka 2015. Inasema mfanyabiashara akikuuzia kitu, gari la mtumba likiwemo, lazima kiwe na ubora unaoridhisha kwa kuzingatia umri na bei yake, kifae kwa kazi yake, na kifanane na kilivyoelezwa. Siku 30 za mwanzo, gari likiwa na kasoro ya namna hiyo, unaweza kulirudisha na kudai hela zako zote. Zikipita, muuzaji anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, unaweza kulirudisha akakata kiasi kwa matumizi uliyolitumia, au ubaki nalo akupunguzie bei. Na kuna jambo la miezi sita. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita tangu upewe gari, sheria inachukulia kwamba ilikuwepo tangu mwanzo. Huna haja ya kuthibitisha wewe. Wao ndio wathibitishe kwamba haikuwepo. Baada ya miezi sita mzigo wa ushahidi unahamia kwako, ingawa haki yenyewe haijafa.

Haki hii hainunuliwi. Haikuwa na jalada la dhahabu wala hakuna aliyetutajia pale yadi. Yale maneno niliyokuomba uyashike, kwamba gari likishatoka getini ni juu yetu, hayakuwa kweli hata kidogo. Wala kibao cha "limeuzwa kama lilivyo" hakiwezi kumwondolea mfanyabiashara wajibu huo. Kwangu mimi huo ndio udanganyifu mkubwa kuliko ule wa giaboksi. Waranti ilitufanya tuamini kwamba mlango wa kugonga ni ule wa kampuni ya waranti peke yake, na miezi sita ilikuwa inayoyoma.

Ila angalia: sheria hii inambana mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi, kwa mfano yale magari tunayouziana kwenye makundi ya WhatsApp, ulinzi wako ni mdogo sana. Muuzaji asikudanganye kuhusu gari, basi, mengine ni macho yako.

Swali la pili, la tumelipa vipi, nalo lilikuwa na maana. Kwenye HP, machoni mwa sheria aliyekupa gari ni kampuni ya mkopo, kwa kuwa ndiyo iliyolinunua kutoka yadi. Kwa hiyo wa kumwandikia alikuwa kampuni ya mkopo, na sisi tulikuwa hatujawahi hata kuipigia. Kwa aliyelipa kwa kadi ya mkopo kuna kinga nyingine: kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974. Bei ya kitu ikiwa zaidi ya pauni 100 na isizidi pauni 30,000, kampuni ya kadi inabeba wajibu pamoja na muuzaji, hata kama kwenye kadi ulilipia sehemu tu ya bei. Ile pauni 1,400 ya kianzio tuliyolipa kwa kadi ya kawaida haikutupa kinga hiyo. Aliyelipa taslimu anamwandikia muuzaji, na ikishindikana kuna mahakama ya madai madogo, ambayo kwa Uingereza na Wales husikiliza madai ya hadi pauni 10,000.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja mwanzoni mwa Machi, tukiwa bado ndani ya miezi sita. Tarehe ya kununua, tarehe ya kuharibika, picha za fundi, makadirio ya gereji, risiti za teksi. Binamu alitufuta maneno yote ya hasira. Kampuni ya mkopo ina wiki nane za kujibu lalamiko. Isipokujibu, au jibu lisipokuridhisha, unakwenda Financial Ombudsman Service bila kulipa chochote, na una miezi sita tangu jibu lao la mwisho. Ombudsman akiamua na wewe ukakubali, kampuni haina hiari.

Hatukufika huko. Wiki ya tano walimtuma mkaguzi huru. Alikaa na giaboksi saa moja, akaandika kwamba uharibifu wa kiwango kile haungeweza kutokea kwa maili 2,900 tulizoendesha. Yaani ule uchakavu uliotunyima waranti ndio uliotupa haki: kama giaboksi ilikuwa imechakaa hivyo, basi ilikuwa imechakaa siku tuliyouziwa. Kampuni ya mkopo ililipa gereji, ikarudisha gharama ya kufungua giaboksi na teksi zenye risiti, na ikaongeza pauni 150 kwa usumbufu. Wateja wawili aliowapoteza mama watoto hawakurudi.

Nikataka na zile pauni 699. Hapo ndipo tuliposhindwa. Nilieleza kila alichosema kijana, neno kwa neno. Wakanitumia nakala ya fomu yenye saini yangu chini ya mstari unaosema nimepewa masharti, nimeyasoma na nimeyaelewa. Kijana hayupo, kilichosemwa hakikuandikwa. Sheria inakataza mfanyabiashara kukuuzia kitu kwa kukupotosha, kwa kusema uongo au kwa kuficha jambo la muhimu, lakini mimi nilikuwa na kumbukumbu na wao walikuwa na karatasi. Mwishoni walivunja mkataba na kurudisha sehemu ya muda uliobaki, wakakata pauni 35 za uendeshaji. Ningeweza kuendelea kubishana. Tulichoka, na najuta kidogo kwamba tulichoka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wauzaji wanang'ang'ania vijitabu hivi kuliko hata gari lenyewe. Kwenye bidhaa ndugu ya hii, bima ya GAP, ile inayolipa pengo kati ya fidia ya bima na deni lako gari likiibiwa au kuharibika kabisa, jibu lilitolewa hadharani. Februari 2024 mamlaka ya FCA inayosimamia huduma za fedha ilitangaza kwamba kampuni zenye asilimia 80 ya soko la GAP zimekubali kusitisha kuiuza. Ilikuwa imegundua kwamba asilimia 6 tu ya hela walizolipa wateja ndiyo iliyorudi kwao kama fidia, na kwamba baadhi ya kampuni zililipa hadi asilimia 70 ya bei kama kamisheni kwa wanaouza, wakiwemo wauza magari. Baadhi zilirudi sokoni baadaye mwaka huohuo, zikiwa zimebadilisha mambo. Takwimu hizo ni za GAP, si za waranti. Lakini meza ni ileile, na kalamu ni ileile.

Ndugu zetu wa Marekani wana yao. Nani hajasikia kuhusu zile simu za mashine zinazoulizia waranti ya gari lako? Agosti 2023 tume ya mawasiliano ya huko, FCC, iliutoza mtandao mmoja wa wapigaji simu hizo faini ya karibu dola milioni 300, kwa simu zaidi ya bilioni tano zilizopigwa ndani ya miezi mitatu tu ya mwaka 2021. Na Julai 2024 kampuni ya CarShield, ambayo matangazo yake yalijaa nyuso za watu maarufu, ilikubali kulipa dola milioni 10 baada ya tume ya biashara, FTC, kuishtaki kwamba matangazo yaliahidi matengenezo ambayo wateja wengi hawakuyapata.

Sisemi waranti zote ni utapeli. Jirani yangu alitengenezewa kompresa ya AC bila kutoa senti. Ila baada ya yote haya nina tabia zangu. Nauliza kama waranti ni bima au ni ahadi tu ya kampuni, kwa sababu ikiwa ni bima kampuni inasimamiwa na FCA, jina lake utalikuta kwenye daftari lao mtandaoni, na kwa kawaida una siku 14 za kubadili mawazo na kurudishiwa hela. Ikiwa si bima na kampuni ikafilisika, umebaki na kijitabu. Naanza kusoma ukurasa wa visivyolipiwa, kisha kikomo cha dai, kisha masharti ya sevisi, maana kuchelewesha sevisi kunaweza kuvunja waranti nzima. Na mkikwama, namba ya simu ya Citizens Advice kwa mambo ya wanunuzi ni 0808 223 1133, haina malipo.

Kiangazi cha 2025 binti yetu mkubwa, mwanafunzi wa Leicester, alitaka gari lake la kwanza, kwa hela zake za kazi za wikiendi na kidogo kutoka kwetu. Tulikwenda yadi nyingine, ng'ambo ya mto Thames, na safari hii tulimbeba fundi, mzee wa Mombasa mwenye gereji yake East London. Alilala chini ya gari kama yule wa Dar. Alipoinuka akasema bushi za mbele zimekwisha, punguzeni pauni 200.

Muuzaji hakubisha. Akavuta droo, akatoa kijitabu. Hiki kilikuwa cha rangi ya fedha. Akasema kinalipia kila kitu.

Binti akakipokea, akafungua nyuma, akapiga picha kurasa mbili. Kisha akaomba namba ya WhatsApp ya muuzaji, akaandika ujumbe palepale: injini au giaboksi ikiharibika kwa uchakavu, waranti hii italipa, na hadi pauni ngapi? Simu ikalia mfukoni mwa muuzaji. Akaitoa, akasoma, akatazama upande wa ofisi ya vioo alikokaa bosi wake. Akakirudisha kijitabu kwenye droo, na tukaendelea kuzungumza kuhusu zile pauni 200 za bushi.